Wetisuti ndefu kwa bahari ya joto: ya tatu au ya tano, mkao, risasi (vizito vya kuzamia) na utunzaji (uzi maalumu)

#1 Kusi_na_Kaskazi

Wakuu, heshima kwenu.

Kila likizo ikikaribia swali huja lile lile: naenda kuzamia Mnemba, au Mafia, au Diani, nichukue wetisuti (suti ya mpira ya kuzamia) gani? Jibu analopewa mtu ni namba tupu ya milimita za unene, "chukua ya tatu" au "chukua ya tano". Ananunua, na siku ya pili ya safari anakaa kwenye boti amejikunyata. Nafungua uzi huu ili mambo yakae sehemu moja. Naongelea suti ndefu tu, mikono mirefu na miguu mirefu, kwa mtu anayezamia na mtungi kwenye maji ya nyuzi 24 hadi 30. Wenye ujuzi ongezeni, na penye kasoro rekebisheni.

Tuanze na maji yenyewe. Pwani yetu, kuanzia Watamu mpaka Mafia, maji ya juu hufika nyuzi 28 hadi 30 kati ya Februari na Aprili. Kusi likishika, Julai hadi Septemba, hushuka mpaka 25 hivi, na zipo siku kompyuta ya kuzamia, ile inayovaliwa mkononi, inaonyesha 24 ukiwa chini. Mtu wa bara akisikia 25 anaona ni joto. Barazani ni joto kweli. Lakini maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, na mzamiaji mzuri hapigi miguu ovyo, ametulia dakika 45 hadi 60. Mwili haupati kazi ya kuupasha.

Kosa kubwa ni kuchagua suti kwa kufikiria mzamio wa kwanza. Mzamio wa kwanza karibu kila suti inatosha. Ratiba ya kawaida ya boti ni mizamio miwili asubuhi, katikati mnakaa saa moja hivi juu ya maji na suti imeloa, upepo unaipuliza, maji yanakauka kwenye kitambaa na kuondoka na joto lako. Unaingia mzamio wa pili ukiwa umeshapungukiwa. Kwa hiyo suti ichaguliwe kwa dakika kumi za mwisho za mzamio wa pili, tena siku ya tatu au ya nne ya safari ambapo uchovu umeshajikusanya.

Mwongozo wangu kwa pwani yetu:

Januari hadi Aprili, milimita 3 inatosha karibu kila mtu. Julai hadi Septemba, milimita 5, au ya tatu pamoja na kizibao chenye kofia ndani yake. Miezi inayobaki, ya tatu mwilini na kizibao kwenye mkoba. Mtu mwembamba, mtoto, na mtu anayezamia mara tatu kwa siku wasogee hatua moja kuelekea kwenye unene.

Kwa nini ndefu na si ile ya kaptula? Joto ni sababu moja tu. Yavuyavu, vijidudu vinavyowasha vinavyoelea kwenye maji, tumbawe la moto, ngazi ya boti yenye chaza, kamba ya nanga, jua la saa sita: vyote hivyo hukukuta kwenye vigimbi na mapajani. Mkwaruzo wa tumbawe kwenye ngozi huchelewa kupona na hupenda kutunga usaha. Ila ieleweke, suti ndefu si ruhusa ya kuegemea matumbawe.

#2 Mwana_wa_Misali

Shekhe umeanza vyema. Nami naongeza jambo ambalo wauzaji hawalisemi: milimita zilizoandikwa kwenye lebo ni za dukani, si za chini ya maji.

Neoprini ni mpira uliojaa viputo vya gesi vilivyofungwa kila kimoja peke yake. Kinachokukinga ni ile gesi. Ukishuka mita 10 kila kiputo kinabaki na nusu ya ujazo wake, mita 20 theluthi, mita 30 robo. Mpira wenyewe haubanwi, kwa hiyo suti haifikii robo ya unene, lakini ukiwa mita 30 suti ya tano inakaribia kuwa nusu ya vile ulivyoivaa. Ndiyo maana kwenye kuta za Pemba, ambako watu hushuka kwa kina kirefu, mtu aliyeridhika na ya tatu kwenye mwamba wa mita 12 anasikia baridi wakati maji ni yale yale.

Basi ukipanga safari uliza vitu viwili, si kimoja: joto la maji, na kina cha mizamio. Anayezunguka kwenye mita 8 hadi 14 anaweza kupunguza unene. Anayekwenda 25 na kuendelea aongeze.

Na mkondo nao uhesabiwe. Mahali kama Mlango wa Kinasi kule Mafia, maji yakipita kwa kasi hulazimisha kuingia shingoni na viganjani. Suti isiyobana hapo haina kazi hata ikiwa na milimita 7.

#3 Safari_Desemba

Asanteni sana wakuu. Naomba msaada. Nina urefu wa sentimita 168 na uzito wa kilo 92, kifua na tumbo vinajaa ila miguu mifupi. Jedwali la vipimo la mtandaoni linaniambia nivae XL, kwa kifua ni sawa lakini miguu itazidi. Na swali la pili: kuna suti ya mitumba nimeiona, nyeusi inang'aa kama imepakwa plastiki, wameandika 5/3, bei poa. Je, nichukue? Safari ni Zanzibar mwezi wa kumi na mbili.

#4 Bi_Pwani (mkufunzi, Mombasa)

Safari_Desemba, karibu. Hiyo inayong'aa iache, mwenzangu atakueleza kwa nini. Mimi nitajibu la mkao, maana ndilo linaloamua kila kitu. Ya tatu iliyokaa vizuri ina joto kuliko ya tano iliyolegea, na hilo si suala la maoni. Suti hii hufanya kazi ikiwa imelowa: maji machache huingia, mwili unayapasha, yanabaki. Ikilegea, kila ukipiga mguu maji ya joto yanasukumwa nje na ya baridi yanaingia. Unaipasha bahari.

Vipimo vya kuchukua kabla ya kuagiza, kwa futi ya fundi cherehani, ukiwa na chupi tu: kifua sehemu nene zaidi, kiuno kwenye kitovu, nyonga, urefu wa mguu wa ndani toka msambani mpaka kifundoni, na kipimo ambacho wengi hawakijui, mzingo wa kiwiliwili. Huo unaanza juu ya bega, unashuka mbele, unapita msambani na kurudi bega lile lile kwa nyuma. Suti fupi ya kiwiliwili huvuta mabega chini na kukukaba shingo hata kama kifua kimekaa sawa.

Ukikuta vipimo vinagombana, fuata mpangilio huu: kifua kwanza, kisha mzingo wa kiwiliwili, kisha nyonga. Urefu wa mikono na miguu uwe wa mwisho kabisa. Mguu ukizidi sentimita 4 au 5 unajikusanya kifundoni, hauvujishi joto. Kwa umbo lako tafuta saizi fupi za watu wanene. Kampuni nyingi huwa nazo, huandikwa L au XL ikifuatiwa na S ya ufupi. Usichukue M kwa ajili ya miguu ukajibana kifua.

Ukiivaa dukani angalia sehemu tano. Chini ya mgongo, pale panapobonyea juu ya makalio: mtu akikubana hapo kwa vidole asipate kukusanya kitambaa kilicholegea. Kwapani: inua mikono yote juu, suti isibaki chini ikaacha mfuko wa hewa. Msambani: chuchumaa kabisa, kitambaa kisining'inie kati ya mapaja. Shingoni: kidole kimoja au viwili viingie kwa kubana kidogo, na ukimeza mate usihisi mkabo. Kifua: vuta pumzi mpaka mwisho mara tatu mfululizo. Pumzi ya tatu ikikatika, saizi ni ndogo.

Kukavu itakubana kuliko unavyopenda, na hilo ni sawa. Ikilowa inalegea kidogo. Ikiwa dukani unajisikia umevaa nguo ya kulalia, hiyo ni kubwa.

La shingo nalisisitiza. Suti inayobana sana mishipa mikubwa ya shingo inaweza kushusha mapigo ya moyo na kuleta kizunguzungu, na mtu anadhani ni bahari imemchafua. Mwanafunzi akisema anasikia kichefuchefu na bado hajaingia majini, fungua zipu sentimita kumi kwanza, ndipo uulize mengine.

#5 Fundi_Mishono

Nichukue hapo kwenye suti inayong'aa.

Mkuu Safari_Desemba, hiyo ni suti ya wanaoshindana kuogelea, kukimbia na baiskeli. Ngozi yake ya nje haina kitambaa, ni mpira mtupu laini ili iteleze majini. Ukucha unaichana. Mkanda wa jaketi la kuelea na mtungi mgongoni vitaichana siku ya kwanza. Tena 5/3 ni milimita 5 sehemu fulani na 3 kwingine, na zile 5 zimewekwa mapajani na kifuani ili miguu ielee, kwa hiyo mzamiaji atakuwa anapambana na miguu inayopanda juu. Si ya kazi yetu.

Kwenye mitumba utakutana zaidi na za kuteleza kwenye mawimbi. Hizo zinavalika kwenye maji ya joto, lakini neoprini yake ni laini sana, inanyumbulika vizuri na kwa sababu hiyo hiyo inabanwa mapema ukishuka. Nyingi hazina kiraka cha mpira magotini kinachohimili ngazi. Kwa mita 10 hadi 15, sawa. Kwa mizamio mirefu ya kina, hapana.

Jinsi ya kukagua suti iliyotumika:

Igeuze ndani nje, uinyooshe mshono kwa mikono miwili ukiielekeza kwenye taa, hasa kwapani na msambani. Ukiona mwanga ukipita penye tundu refu kuliko tundu la sindano, uzi umekatika. Kisha binya neoprini ya chini ya mgongo na ya magotini kwa kidole gumba na cha shahada, uachie. Nzima hurudi papo hapo. Iliyochoka inabaki na alama ya kidole, viputo vimeshapasuka, na hiyo suti ya tano ina kazi ya ya tatu. Kunja kipande cha mkono kwa nje ukitazame kwa karibu: mistari midogo ya nyufa maana yake jua limeshaula mpira, na hakuna gundi ya kuurudisha. Zipu uipandishe na kuishusha mara nne. Kichwa cha zipu cha chuma chenye chumvi ya kijani kitakwama siku unayokihitaji. Meno ya plastiki ni bora kwa maji ya chumvi.

Ukaguzi huo huo ufanye kwa suti ya kukodi. Suti ya tano ya kukodi iliyotumika misimu mingi mara nyingi ina baridi kuliko ya tatu mpya.

Kuhusu mishono, kwa bahari ya joto msitozwe pesa bure. Ipo ya ovaloki, ambayo ndani ina ukingo uliosimama. Huchubua ngozi na kuvujisha maji, muikwepe. Ipo ya bapa, nyuzi zinaonekana pande zote mbili kama reli. Sindano imetoboa mpaka upande wa pili kwa hiyo maji kidogo hupenya, lakini ni imara, haichubui, na kwa nyuzi 25 kwenda juu inatosha kabisa. Aina ya tatu ya mshono ni ya kubandikwa gundi kwanza kisha kushonwa nusu ya unene bila kutoboa. Hii ndiyo isiyovuja. Kwenye suti ya tano inafaa uilipie, maana mtu anayenunua ya tano anakimbia baridi kweli. Kwenye ya tatu ya Februari ni pesa ya ziada.

#6 Kusi_na_Kaskazi

Fundi umeokoa mtu hela. Niongeze zipu: ya mgongoni ni rahisi kuvaa na kuvua, unaifunga mwenyewe kwa ule mkanda mrefu. Udhaifu wake ni maji kushuka uti wa mgongo kila ukigeuza kichwa. Tafuta yenye ulimi mpana wa neoprini nyuma ya zipu, toka shingoni mpaka kiunoni, na shingo inayofungwa kwa velkro isiyokwaruza. Zipu ya kifuani haivuji sana lakini kuivua ukiwa umechoka kwenye boti inayoyumba ni shughuli, na mtu mwenye mabega mapana anaweza kuipasua shingo. Kwa likizo ya maji ya joto mimi napendekeza ya mgongoni.

#7 Maskati_Bahari

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nawasoma nikiwa Maskati. Kwa wenzetu wanaokuja kutembelea jamaa huku wakapenda kuzamia: msinakili mwongozo wa Zanzibar.

Kiangazi huku maji ya juu hupita nyuzi 30, na mtu anatamani kuzamia na fulana. Kisha kwenye visiwa vya Daymaniyat unashuka mita 10 au 15 unakutana na tabaka la maji baridi, limekaa kama sakafu, na joto linashuka nyuzi kadhaa ndani ya mita moja au mbili. Unaliona kwa macho, maji yanatetema kama hewa juu ya lami. Hapo ya tatu ndefu ndiyo ya chini kabisa, na kizibao chenye kofia kiwe tayari.

Dhofar, kusini mwa Omani, waliko Mirbat na Salala, ni habari nyingine. Msimu wa kharifu, Juni hadi Septemba, upepo wa kusi husukuma maji ya juu mbali na pwani na maji baridi hupanda kutoka kilindini. Mirbat huota hata mwani mkubwa wa maji baridi wakati huo. Kusi hilo hilo linalowaletea nyinyi 25 ndilo linaloishusha bahari ya Salala kuliko hapo. Bahari yenyewe inachafuka na mizamio husimama, watu huzamia miezi mingine. Ghuba upande wa Dubai nako, majira ya baridi maji huwa 21 au 22, kwa hiyo ya tano ndiyo nguo ya kawaida.

#8 Ngamia_wa_Bluu

Mimi naona mnazungusha. Si bora mtu anunue ya tano tu, mwaka mzima? Joto halijamuua mtu.

#9 Bi_Pwani

Ndugu, hapana, na sababu zipo mbili.

Kwanza joto linadhuru. Februari, boti haina kivuli, mtu ameshafunga zipu ya suti nyeusi ya milimita 5 na anasubiri maelezo ya kiongozi. Mwili unatoka jasho ambalo haliwezi kukauka. Anaingia majini na kichwa kinagonga, amekaukiwa maji mwilini, na kukaukiwa huko hakumfai mtu aliyebeba naitrojeni, ile gesi ya hewa ya mtungi inayoingia mwilini ukiwa chini. Hata ya tatu ivaeni mpaka kiunoni tu, mabega yafungwe mkifika, na mkichelewa jimwagieni maji ya bahari.

Pili ni risasi, na hapa niwe mrefu kidogo.

Neoprini huelea. Ya tano ndefu inahitaji kilo kadhaa za risasi kuizamisha juu ya maji. Ukifika mita 20 imebanwa, haielei tena vile, lakini risasi zako ziko pale pale. Unajaza hewa jaketi kufidia. Ukipanda, suti inatanuka na hewa ya jaketi inatanuka, vyote kwa pamoja, na anayeanza anajikuta anapaa mita 6 za mwisho bila kutaka. Suti nyembamba ina mabadiliko madogo, kwa hiyo anayeanza hujifunza kuelea sawasawa haraka zaidi.

Mahali pa kuanzia kwa maji ya chumvi: ya tatu ndefu, chukua asilimia 5 ya uzito wa mwili. Ya tano, sogea kuelekea asilimia 10. Mitungi ya aluminiamu, ambayo ndiyo mingi pwani yetu, ongeza hadi kilo 2, kwa sababu ikikaribia kwisha huanza kuelea. Kizibao cha ndani ongeza kilo 1. Hizo ni namba za kuanzia tu, maana mtu mwenye misuli na mtu mwenye mafuta wenye kilo 80 sawa hawaelei sawa.

Kisha pima. Ukiwa na vifaa vyote, kwenye maji usiyogusa chini, toa hewa yote kwenye jaketi, shikilia pumzi ya kawaida, usipige mguu. Maji yakae usawa wa macho. Ukitoa pumzi uzame taratibu. Kama mtungi umejaa, ongeza kilo 2 juu ya kipimo hicho, na sababu ni hesabu: mtungi wa lita 12 wenye baa 200 (kipimo cha mgandamizo wa hewa) una lita 2,400 za hewa, karibu kilo 2.9. Ukirudi na baa 50 umetumia kilo 2 na ushei. Uzito huo haupo tena wakati wa kituo cha usalama cha dakika tatu kwenye mita 5, na hapo ndipo wengi wanapopaa.

Kipimo cha uhakika ni cha mwisho wa mzamio: mita 5, baa 50, jaketi tupu, uwe umeelea palepale kwa pumzi tu. Andika namba hiyo pamoja na suti uliyovaa na aina ya mtungi. Ukibadili suti, pima upya.

#10 Mwana_wa_Misali

Bi Pwani amemaliza. Ila Ngamia asije akafahamu kwamba baridi ni jambo la kuvumilia. Mzamiaji mwenye joto akiwa chini hunyonya naitrojeni kwa wingi. Akipata baridi wakati wa kupanda, damu hukimbia mikono na miguu na ile naitrojeni inachelewa kutoka. Kitengo cha majaribio ya uzamiaji cha Jeshi la Wanamaji la Marekani kilitoa ripoti mwaka 2007 kuhusu hilo: wazamiaji waliopashwa joto chini kisha wakapozwa wakati wa kupanda waliugua ugonjwa wa viputo vya naitrojeni mara nyingi zaidi kuliko waliokuwa na baridi chini na joto wakati wa kupanda. Mizamio yao ilikuwa mizito kuliko ya likizo, lakini mwelekeo ni huo huo. Ukianza kutetemeka, mzamio umekwisha. Mwonyeshe kiongozi ishara ya baridi, pandeni taratibu, kituo mkifanye.

Na juu ya boti: vua suti mpaka kiunoni, jifute, vaa koti la upepo hata jua likiwaka. Koti jepesi la mvua lina faida kuliko kuongeza milimita moja.

#11 Ukhti_Samaki

Wakubwa shikamooni. Je, kwa sisi tunaovaa hijabu? Suti ndefu inafunika lakini inabana umbo, na kichwa pia nataka nifunike.

#12 Bi_Pwani

Marahaba mwanangu. Kichwa ni rahisi: kofia ya laikra (kitambaa chembamba kinachonyumbulika) au ya neoprini ya milimita 1 au 2, ile inayoacha uso wazi. Nywele zote ziingie ndani, hata zile za kipajini. Jambo la lazima ni kwamba ukingo wa silikoni wa maski ukae kwenye ngozi ya uso moja kwa moja, pande zote. Ukipita juu ya kitambaa, hata kidogo, maski itavuja mzamio mzima. Kwa hiyo vaa kofia, kisha maski, kisha ingiza kidole uzungushe ukingo kuhakikisha hakuna kitambaa wala unywele. Ushungi wa kawaida usiutumie. Pini ni hatari na kitambaa kinachoelea huziba regulata, kifaa cha kupumulia.

Kwa umbo, vaa juu ya suti fulana ndefu ya laikra yenye kushuka mpaka mapajani, iliyokaa mwilini. Ikiwa pana itapanda juu na kunasa kwenye ngazi na kwenye vishikizo vya jaketi. Ifike mapajani, usiipitishe magotini, miguu ipige bila kuzuiwa. Hakikisha haifuniki mkanda wa risasi. Kishikizo cha mkanda kionekane na kivutike kwa mkono mmoja.

#13 Safari_Desemba

Nimeshaacha ile ya mitumba. Nimepata ya tatu, XL fupi, zipu ya mgongoni, mishono ya bapa, na kizibao cha milimita 2 chenye kofia. Sasa, kuivaa. Nimeijaribu nyumbani, imechukua robo saa na kucha zimeacha alama kwenye mpira.

#14 Fundi_Mishono

Umechagua vizuri. Kuvaa kuna utaratibu, na kucha hazihusiki.

Mwili ukavu na suti kavu, au vyote vimelowa. Kimoja kikavu kingine kimelowa ndiyo tabu. Ikunje mpaka kiunoni ndani nje. Vaa mfuko wa plastiki mguuni, ingiza mguu, utateleza, kisha vua mfuko na uhamishie mguu wa pili. Usiendelee juu mpaka magoti ya suti yamekaa kwenye magoti yako. Panda kidogo kidogo kwa kushika mikunjo kwa ncha laini za vidole, si kucha. Msamba ufike mahali pake kabisa kabla hujagusa mikono. Hapo ndipo wengi hukosea: wanaacha sentimita 5 chini, kisha mabega hayafiki na wanalaumu saizi. Mkono nao kwa mfuko, kwapa lifike kwapani. Zipu: rudisha mabega nyuma mpaka mapande yake yakutane, mkono mmoja ushike chini ya zipu, mwingine uvute mkanda juu. Zipu isiyopanda usiivute kwa nguvu, angalia kama ulimi umenasa.

Alama za kucha: zikiwa juu tu ziache. Zikipenya mpaka viputo vionekane, ziba sasa kabla hazijawa mpasuko. Osha kwa maji baridi, kausha kabisa. Gundi iwe ya neoprini ya kubandika pande mbili. Fungua jeraha, paka tabaka jembamba pande zote mbili, subiri dakika 5 hadi 10 mpaka isishike kidole, paka la pili, subiri tena, kisha kutanisha kingo na ubane kwa nguvu. Usiivae kwa saa 24. Gundi ya supa usiguse: hukauka ikawa ngumu na ikipinda inakata mpira pembeni yake. Mshono uliofunguka tumia uzi wa nailoni au poliesta. Uzi wa pamba huoza kwa chumvi.

#15 Kusi_na_Kaskazi

Utunzaji, nimalizie upande huo kwa kuwa ndio unaoua suti mapema pwani.

Kila jioni maji baridi yasiyo na chumvi, ndani kwanza. Karibu kila mtu hukojoa ndani ya suti akiwa baharini, baridi na maji hulazimisha figo, hakuna aibu. Ila mkojo uliokaa usiku kucha unanuka na unachubua ngozi kesho yake. Mwisho wa safari sabuni laini kidogo, ya kuogea mtoto inafaa. Hapana jiki, hapana mashine ya kufulia, hapana maji ya moto.

Anika kivulini penye upepo, ndani nje kwanza, kisha igeuze. Usiitundike mabegani kwa hanga ya waya, uzito wa maji utavuta mabega. Ikunje kiunoni juu ya hanga nene au bomba. Isifungiwe kwenye buti la gari. Zipu ipakwe nta ya mshumaa ikiwa kavu, usiku mmoja kwa wiki. Mafuta ya mgando yasikaribie suti.

Kwenye ndege ikunje kwa kuviringisha. Ya tatu kavu ni kilo moja na nusu hivi. Ikiwa bado mbichi siku ya kuondoka, iviringishe ndani ya taulo, mtu asimame juu yake kwa miguu mitupu kukamua, kisha iwekwe kwenye mfuko usiofungwa kabisa.

#16 Mwana_wa_Misali

Safari_Desemba, la mwisho kwako: kizibao kinavaliwa ndani ya suti, si juu. Shingo ya kofia ipite chini ya shingo ya suti ili maji yasishuke mgongoni. Na kwa kuwa umeongeza kizibao, ile kilo moja ya risasi uiombe ukiwa bado ufukweni. Boti zikishatoka kwenda Mnemba, kasha la akiba mara nyingi ni tupu.

#17 Safari_Desemba

Nimeelewa. Asilimia 5 ya kilo 92 ni kilo 4.6, mtungi wa aluminiamu 2, kizibao 1. Naanza na 7 au 8, napima usawa wa macho.

#18 Bi_Pwani

Anza na 8 siku ya kwanza, kwa sababu suti mpya haijanywa maji na ina viputo vyote. Toa hewa yote iliyonasa: ukiingia, vuta shingo ya suti kidogo maji yapite mara moja, hewa ya mgongoni itoke. Pima mwisho wa mzamio kama nilivyoeleza. Wengi hushusha kilo 1 siku ya pili, na nyingine kabla ya safari kuisha. Risasi zigawe sawa kulia na kushoto.